Kikaratasi cha Mfinyanzi

Makambako,
Jumapili, 4 Februari 2024

Shangazi Lukresia,

Shikamoo. Sisi huku tu wazima. Elina anakusalimu, na watoto wamefungua shule bila viatu vipya na bila kulalamika, jambo linalonitia wasiwasi. Baba amepiga simu kutoka Lugarawa: goti bado linamsumbua, lakini mahindi yamesimama vizuri. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu ulikataa kusoma chochote kitakachokujia kwa simu.

Nina ombi. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, katika banda langu la fotokopi nyuma ya stesheni, tunakaa watu wanne kuzunguka meza na kucheza mchezo wa hadithi. Mimi ni msimulizi. Naeleza nchi ambayo haipo: milima yake, mtemi wake, hatari zake. Wenzangu kila mmoja ana mtu wake ndani ya nchi hiyo. Davis, fundi wa pikipiki, ni mfua chuma. Shedrack, dereva wa lori la mbao, ni mjumbe wa mtemi. Jackline, msusi wa duka la pili kutoka kwangu, ni mfinyanzi. Mimi naeleza kilichopo, wao wanasema watu wao wanafanya nini, na penye shaka tunatupa dadu. Hakuna mshindi.

Tatizo ni kwamba nchi yangu ni tupu. Juzi Davis aliuliza watu wa milima hiyo wanakula nini, nikajibu wali. Wakacheka mpaka mteja akaondoka. Nakumbuka uliwahi kuandika kitabu juu ya milima ya kwetu. Naomba uniazime.

Mwanao,
Dionis


Njombe,
Jumapili, 25 Februari 2024

Mwanangu Dionis,

Marahaba. Mimi ni mzima kwa kiasi kinachomtosha mtu wa miaka sabini na miwili. Mvua ni nyingi, viazi vinaoza ardhini, na kwaya ya jumuiya yetu inaimba kana kwamba inaviomboleza. Mwambie Elina nimezipokea salamu. Mwambie baba yako kwamba goti haliponi kwa kulizungumza.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa masahihisho na mara ya pili kwa mshangao. Watu wazima wanne, wenye kazi, wanakaa mezani mchana kweupe na kujifanya watu ambao si wao, katika nchi ambayo haipo, bila mshindi. Mchezo wa namna hiyo tulikuwa nao zamani. Uliitwa kikao cha wazazi.

Hata hivyo, nakuazima kitabu. Ebeneza, dereva wa kosta ya asubuhi, atakukabidhi mkononi. Kina kurasa 143 nilizozipiga chapa mwenyewe, nakala moja tu. Mchapishaji wa kwanza alijibu kwamba hakina wasomaji. Wa pili hakujibu, na nadhani alitaka kusema hilohilo kwa adabu zaidi. Jicho langu la kushoto lina mtoto wa jicho, na la kulia limeanza kumfuata mwenzake. Ningependa kusikia kwamba mtu mmoja amekisoma kitabu hiki kabla sijashindwa kukisoma mwenyewe.

Masharti ni haya. Wote mtakisoma, kuanzia ukurasa wa kwanza, kwa mpangilio, mfua chuma sawa na msusi. Elimu haigawiwi kwa upendeleo. Nilifundisha miaka thelathini na minane na sikuwahi kumpa mwanafunzi mmoja ukurasa na mwenzake mwingine. Mwishoni nimeweka maswali ishirini. Majibu nitayasahihisha.

Shangazi yako,
Lukresia Haule


Makambako,
Jumamosi, 20 Aprili 2024

Shangazi,

Shikamoo, na heri ya Pasaka iliyopita. Unisamehe kwa kuchelewa. Elina alikuwa na homa, sasa ameinuka. Mtoto wa pili ameng'oka meno mawili na anayaonyesha kwa wateja.

Kitabu kilifika salama. Kinatumika kila Jumamosi. Davis siku hizi haongei kitu ila mivukuto na tanuri. Maswali ishirini hatujayafikia.

Parachichi ulizotuma zilikuwa nzuri sana.

Dionis


Njombe,
Jumapili, 12 Mei 2024

Dionis,

Salamu zako za Pasaka zimenifikia karibu na Pentekoste, nami nimezipokea.

Flora, yule binti wa jirani anayeimba nami kwenye kwaya, alikwenda Makambako kusuka nywele. Kwenye fremu ya kioo cha msusi akaona kikaratasi kilichopachikwa. Kilikuwa na sentensi moja iliyopigwa chapa kwa mashine ambayo herufi yake ya k hupanda juu ya mstari. Flora amenisomea barua nyingi nilizozipiga kwa mashine hiyo, anaijua k hiyo. Alimwuliza msusi kikaratasi kimetoka wapi. Msusi akajibu, bila aibu yoyote, kwamba ni sehemu yake, wengine wana zao.

Sehemu yake!

Uliandika kwamba kitabu kinatumika. Hata kuni hutumika. Miaka tisa, Dionis. Nilikwenda kwa miguu Milo na Mlangali kuwahoji wazee ambao sasa wote wamekufa. Nikapiga chapa kwa vidole viwili kwa sababu vingine vina baridi yabisi. Wewe una banda la fotokopi, mashine iko mezani pako, ndiyo inayowalisha wanao, na ulichokichukua ni mkasi.

Sihitaji maelezo. Nirudishie vipande.

Lukresia Haule


Makambako,
Alhamisi, 16 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo. Leo sina habari za nyumbani, maana najua hutazisoma.

Nilikata, ni kweli. Utasema hukutaka maelezo, lakini ulinifundisha kwamba mwanafunzi aliyekosa ana haki ya kusema alifikaje kwenye jibu lake.

Jumamosi ya kwanza nilifanya ulivyoagiza. Niliwasomea kuanzia ukurasa wa kwanza, kwa mpangilio. Nilisoma kurasa kumi na mbili. Shedrack alilala kwenye orodha ya watemi. Davis aliniuliza kama katika nchi hiyo kuna choo, akatoka, hakurudi. Jumamosi ya pili alikuja Jackline peke yake. Alisema, "Kaka Dio, mimi nimekuja kucheza, sikuja kurudia darasa la saba." Nikaona nitawapoteza wote, na kitabu chako kitarudi Njombe bila kusomwa na mtu. Wazo likanijia kwamba mfua chuma hawezi kuijua nchi nzima. Anayajua ya chuma. Mjumbe anazijua njia, vivuko na namna ya kuingia kwa mtemi. Kila mmoja apewe anachokijua mtu wake, asipewe cha mwenzake. Nikaanza kutoa kopi na umeme ukakatika. Walikuwa wanafika saa nane. Mkasi ulikuwa pale.

Sikiliza kilichotokea. Mjumbe wa Shedrack alifika kwenye tanuri, akamsalimu mfua chuma. Davis akakaa kimya. Shedrack akasalimu tena, kwa sauti. Davis kimya, anatazama dari. Shedrack akakasirika kwelikweli, akasema mtu asiyeitikia salamu ya mjumbe amemdharau mtemi, akamtoza mbuzi. Ndipo Davis akatoa kikaratasi mfukoni, akakiweka mezani, akakisoma neno kwa neno: wayeyushaji chuma hawaitikii salamu ya mtu yeyote moto ukiwa umewashwa. Ni ukurasa wako wa 29. Shedrack akasema yeye hakuambiwa hilo. Davis akasema, "Ungeambiwa na nani? Wewe ni mtu wa mjini kwa mtemi." Walibishana nusu saa. Shangazi, watu walisimama kwa sababu ya sentensi yako. Baada ya hapo kila mmoja anataka kujua mwenzake ana nini, na hawaombi kingine ila kurasa.

Aliyekosa sehemu ni Jackline. Nilitafuta ya mfinyanzi katika kurasa zote 143, nikapata sentensi moja, ukurasa wa 88: "Wanawake kutoka ziwani walileta vyungu." Kikaratasi hicho amekipachika kwenye kioo kwa hasira. Anamwambia kila mteja, "Shangazi yake Dio amenikadiria maneno matano."

Vipande vyote vipo. Nitavirudisha ukisema mara ya pili.

Dionis


Njombe,
Jumapili, 30 Juni 2024

Mwanangu Dionis,

Baridi imeingia. Asubuhi nyasi ni nyeupe na maji ya ndoo yana ngozi ya barafu juu. Daktari ameliahirisha jicho langu mpaka Oktoba.

Vipande usivirudishe sasa. Vibandike kila kimoja kwenye karatasi safi kwa gundi ya maana, si ile ya ugali, na andika namba ya ukurasa pembeni.

Nimefikiria ulichofanya, na bado ni uharibifu. Lakini kama mtu ameamua kufanya upuuzi, basi aufanye kwa usahihi. Umempa Shedrack ukurasa wa 31, wa dawa inayofukiwa chini ya tanuri. Najua umempa, kwa sababu Flora, ambaye sasa anakwenda kusuka kila wiki mbili ingawa nywele zake ni zilezile, ameniambia Shedrack alivyojigamba. Mjumbe wa mtemi hawezi kulijua jambo hilo. Mtemi mwenyewe hakulijua. Mnyang'anye. Pia mbuzi mmoja kwa kumdharau mtemi ni adhabu ya kuchekesha. Usimpunguzie mtu mamlaka yake kwa sababu wewe mwenyewe huna. Davis naye apewe ukurasa wa 34. Mfua chuma asiyejua kuchagua mti wa makaa ni mchoma mahindi.

Haya si maoni ya mtu anayeukubali mchezo.

Kuhusu vyungu hakuna cha kuongeza. Wanawake kutoka ziwani walileta vyungu. Walivileta, vikapokelewa. Si kila jambo lina sura yake.

Shangazi yako,
Lukresia Haule


Makambako,
Jumapili, 21 Julai 2024

Shangazi,

Shikamoo. Pole na baridi. Elina amekufumia sweta, Ebeneza atalileta, usimwambie kwamba mikono haina urefu sawa.

Nilikwenda Lugarawa kumwona baba. Goti limempeleka hospitali, na hospitali imemrudisha na fimbo, ambayo anaitumia kuwaelekezea watu kazi. Nilimwuliza juu ya vyungu, kwa ajili ya Jackline, ambaye amesema atajitoa mwisho wa Agosti. Anasema mtu wake anajua kidogo kuliko yule mbuzi wa Shedrack.

Baba alinipeleka stoo. Kuna chungu kikubwa cha maharage ya mbegu, mdomo wake umekwanguka. Akakigonga kwa kifundo cha kidole na kusema, "Hiki alikifinyanga bibi yako." Mimi nina miaka arobaini na moja, Shangazi, na sikujua kwamba Bibi Dorkasi alikuwa mfinyanzi. Nilijua alitoka ziwani, nikadhani ni watu wa samaki. Baba alisema aliendelea kufinyanga hapohapo Lugarawa mpaka mikono ilipokataa, na kwamba vyungu havikuuzwa kwa fedha. Anayekitaka alikijaza mahindi, mahindi yakawa ya mfinyanzi na chungu kikawa cha aliyekijaza. Nilipomwomba aendelee akasema, "Mengine mwulize dada. Yeye ndiye aliyesoma."

Nimekwenda kwenye dibaji ya kitabu chako. Umemshukuru babu, mapadre, mwalimu mkuu na mashine ya chapa.

Nauliza kwa heshima zote. Mfinyanzi anajua nini?

Mwanao,
Dionis


Njombe,
Jumapili, 25 Agosti 2024

Dionis,

Sweta limefika. Ni kweli kuhusu mikono.

Ndani ya bahasha hii kuna bahasha nyingine, imebandikwa na kutiwa sahihi kwenye mkunjo wa kufungia. Ni ya mfinyanzi, si ya msimulizi. Ulianzisha mwenyewe kanuni kwamba kila mtu ajue yanayomhusu, basi na wewe ianze kukuuma. Mpe Jackline mkononi. Asiisome kwa sauti. Ukiifungua nitajua, maana hukuwahi kuficha kitu kwangu ukafaulu hata ulipokuwa darasa la pili.

Baba yako anasema sana kwa mtu mwenye goti bovu.

Lukresia Haule


Makambako,
Jumapili, 8 Septemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nyumbani ni salama. Nitaingia kwenye jambo lenyewe, kwa sababu lina tarehe.

Sikuifungua. Nilimpa Jackline Jumamosi ya wiki iliyopita, akaisoma amesimama mlangoni, mteja wake akiwa amesukwa nusu ya kichwa. Akaisoma tena. Shedrack akamtania kwamba kumbe leo amekadiriwa mengi. Jackline aliikunja akaiweka kifuani.

Jana tulicheza. Watu wao watatu walifika kwenye boma la mtemi. Njiani, kabla ya hapo, Jackline alikuwa amegeuka mtu mwingine. Davis alitaka wanunue chungu kimoja njiani, Jackline akamwambia akiweke sikioni na akigonge, akasema kilichopasuka hujibu kama mtu mwenye mafua. Akawaambia udongo wa milimani una mchanga mno, ndiyo maana watu wa juu wanasubiri wanawake wa ziwani. Davis akawa anamsikiliza mdomo wazi. Tulijua hayo ni yako.

Kisha tukafika langoni. Mimi nilikuwa mlinzi. Shedrack nikampitisha, ni mjumbe. Davis nikampitisha, ana majembe ya mtemi. Nikamwuliza mfinyanzi, "Mama wa vyungu, umekuja kuuza?"

Jackline akaweka mikono juu ya meza. Akasema, "Sikuja kuuza. Nimekuja kumwona mwanangu."

 Mimi sina mtoto yeyote ndani ya boma hilo, Shangazi, sikumwandaa. Nikamwuliza ni mtoto gani. Akasema, "Anajua ni yeye." Davis akasema tutupe dadu tuone kama mlinzi anakubali. Jackline akaifunika dadu kwa kiganja. Akasema, "Hili si la dadu. Kaka Dio, mwulize mwenyewe."

Basi nikasimamisha mchezo. Mfinyanzi amesimama langoni mpaka Jumamosi ijayo, tarehe 14. Nauliza mambo mawili: kikaratasi kilisema nini, na mlinzi afanye nini.

Dionis


Njombe,
Alhamisi, 12 Septemba 2024

Mwanangu Dionis,

Marahaba. Ebeneza anasubiri na injini inaunguruma, na mimi sikuzoea kuandika kwa kuharakishwa na kosta. Vumilia mwandiko. Mistari naiona miwili pale ulipo mmoja.

Unamwacha mwanamke amesimama langoni wiki nzima na mzigo kichwani, halafu unaniandikia kuuliza ufanye nini. Na huo ndio mchezo unaojivunia.

Kikaratasi kilikuwa na mistari kumi na miwili. Kumi na mmoja ni ya udongo: unachimbwa wapi, unakanyagwa vipi, kigae kinachozungushwa chini ya chungu, jiwe la kulainishia ambalo mama humrithisha binti na ambalo mimi sikulichukua. Hayo niliyajua kabla sijaijua alfabeti. Mstari wa mwisho ulisema: "Mfinyanzi anajua kwamba mwanawe yumo ndani ya boma, na kwamba amemsikia mama yake akibisha hodi akanyamaza." Sikumwandikia afanye nini na ujuzi huo. Alilolifanya ni lake, na ni bora kuliko nilivyotegemea kwa msusi.

Mwaka 1966 nilikuwa bweni, hapa Njombe, darasa la saba. Wasichana wa mjini walikuwa na neno lao kwa watoto wa wanawake wa vyungu, sitaliandika. Mama alitembea siku tatu kutoka Lugarawa. Alikuwa na chungu kimoja kichwani, amekifinyanga kwa ajili yangu, nihifadhie maji. Alisimama getini akaita jina langu. Mwalimu wa zamu aliniuliza kama namfahamu yule mwanamke. Nilisema, "Ni muuza vyungu kutoka ziwani." Kila neno lilikuwa sahihi. Mwalimu akamwita mpishi, na mpishi, kwa kufuata desturi, akakijaza chungu mahindi ya shule, akayamimina kwenye kanga ya mama yangu, akaingia na chungu jikoni. Mama alishukuru. Alikuwa amenitazama mara moja tu. Akajitwisha mahindi, akaondoka. Muhula wote huo nilikula maharage yaliyopikwa humo, na hakuwahi kunitajia siku ile mpaka anakufa.

Kisha nikaandika kurasa 143, na yeye nikampa maneno matano. Wewe ulitumia mkasi, lakini mimi nilikutangulia.

Ukishavibandika vipande vyote, acha nafasi baada ya ukurasa wa 88. Daktari akinirudishia jicho nitaijaza. Asiponirudishia, Flora ataandika na mimi nitasema, na Mungu amsaidie kwenye nukta na mikato.

Mlinzi wako ana adabu kunizidi mimi, angalau aliuliza. Jumamosi asiulize tena, wala mpishi asiitwe. Mwana wa mfinyanzi ni msichana wa darasa la saba, amevaa sare, anasimama nyuma ya mwalimu wa zamu. Nchi yako haina shule, lakini itabidi iwe nayo. Fungua lango, kisha umpe Jackline nafasi aseme anachotaka. Msichana asiseme lolote mpaka mama yake amalize.

Shangazi yako,
Lukresia, binti Dorkasi